Simu moja, wanafunzi 80: jinsi ya kutumia Plickers na PhET darasani mpaka wa dawati la nyuma naye ajibu

Walimu wenzangu, kwenye magrupu yetu swali linarudi kila siku, "nitumie programu gani wanafunzi wachangamke?" na majibu yanakuja listi ndefu ya programu ambazo karibu zote zinataka kila mwanafunzi awe na simu au tableti yake. Sasa we una kidato cha pili, wako 80, wamekaa watatu watatu, simu kwa mwanafunzi ni marufuku, projekta ni moja kwa shule nzima na bando unanunua mwenyewe. Listi hiyo inakuacha palepale ulipokuwa.

Kwahiyo hapa naeleza njia inayotaka simu moja tu, ya kwako mwalimu, au kile kishikwambi walimu wa Tanzania tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022 ambacho wengi wetu tunakitumia kujazia taarifa tu basi. Kina kamera, kina intaneti, kinatosha kabisa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana bila hiki mengine yote hayatakaa sawa. Darasa kubwa ukiuliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyooo" kwa pamoja, ukiuliza swali wananyoosha mikono walewale sita wa mbele, unamchagua mmoja anajibu vizuri, unaendelea na mada. Wale 74 waliobaki hujui wanawaza nini, utakuja kujua kwenye mtihani na hapo mada imeshapita. Mi kifaa chochote cha darasani nakipima kwa hilo tu: kinanisaidia kujua wale 74 wanawaza nini leo, sa hivi, kabla kipindi hakijaisha? Kama hakisaidii nakiweka pembeni hata kiwe na rangi na miziki namna gani. Na projekta yenye slaidi zilizojaa notsi, wanafunzi wanakopi kimyakimya, hiyo kwa kipimo hiki bado ni ubao uleule.

Sasa Plickers. Ni programu ambayo wanafunzi hawashiki kifaa chochote, wanashika kadi za karatasi. Kila kadi ina mchoro mweusi wa pembe nne unaofanana na hizi QR kodi za kuskani za kulipia dukani, ila kila kadi mchoro wake ni tofauti na una namba yake. Pande nne za mchoro zina herufi A, B, C na D, zimeandikwa ndogo sana ili jirani asione. Mwanafunzi akitaka kujibu B anageuza kadi mpaka B iwe juu, anainua, we unapitisha kamera ya simu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia na simu inasoma kadi nyingi kwa mpigo. Inajua kadi namba 17 ni ya nani na kajibu nini. Ndo hivo tu, ila hicho kitu kidogo kinabadilisha darasa kwelikweli.

Maandalizi unayafanya mara moja. Ingia tovuti ya Plickers, kwenye kompyuta ni rahisi zaidi ila hata brauza ya simu inakubali, fungua akaunti kwa barua pepe yako ya Google, tengeneza darasa, ingiza wanafunzi, kila mmoja atapewa namba ya kadi. Afu nenda sehemu ya kadi udaunlodi PDF. Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa ina kadi 63, na karatasi moja inabeba kadi mbili, kwahiyo kadi 63 ni karatasi 32 za kuprinti. Kadi zinatumika madarasa yote, namba 7 inaweza kuwa ya Asha wa 2A na ya Baraka wa 2B, huna haja ya kuprinti seti ya kila mkondo.

Kuhusu kadi zenyewe, hapa niongee kidogo maana ndo panapokwamisha watu. Karatasi laini ya fotokopi inajikunja mwanafunzi akiinua, na mchoro ukijikunja kamera haisomi. Gundisha kwenye manila au katoni. Wengi wanakimbilia laminesheni, ila ile plastiki inayong'aa ikipigwa na mwanga wa dirishani kamera inaona doa jeupe na kadi haisomeki, kwahiyo kama unalaminesha tafuta ile isiyong'aa, la sivyo acha. Wafundishe wanafunzi siku ya kwanza kabisa kushika kadi kwa pembeni, kidole kikifunika weusi wa mchoro jibu halisomeki. Na wino uwe mweusi kweli, fotokopi iliyofifia inasumbua hasa kwa wale wa nyuma.

Wanafunzi wakizidi 63? Usikate tamaa, na wala usigawe darasa. Toa kadi moja kwa dawati. Wanafunzi 120 wakikaa watatu watatu ni madawati 40, seti ya kawaida inatosha. Tena kwa maoni yangu hii ni bora kuliko kadi moja kwa kila mtu kwenye maswali magumu, maana watatu wenye kadi moja lazima wabishane kwanza wakubaliane herufi, na ule ubishi ndo masomo yenyewe. Kinachopotea ni rekodi ya mmojammoja, ila hiyo utaipata kwenye majaribio ya kuandika.

Haya, maswali. Ukiniuliza muda wako uumalizie wapi, umalizie hapa. Swali la Plickers lina majibu mpaka manne, na majibu yale matatu ya uongo yasiwe ya kujazia nafasi. Kila jibu la uongo liwe limetokana na kosa ambalo mwanafunzi wa kweli hulifanya. Chukua hesabu ya shule ya msingi, 1/2 + 1/3. Weka A iwe 2/5, B iwe 1/6, C iwe 5/6, D iwe 2/6. Aliyechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, huyo hajui kabisa kwamba vipande havilingani ukubwa. Aliyechagua 1/6 amezidisha, pengine kachanganya kanuni mbili alizozikariri wiki moja. Aliyechagua 2/6 amejua KDS (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3) ni 6, yupo karibu sana, ila hakubadilisha kiasi, kaacha 1 na 1 zilivyo. Sasa ukiona darasa lako 30 wamejibu A na 20 wamejibu D, hayo ni magonjwa mawili tofauti yanayotaka dawa mbili tofauti. Wa D dakika tatu zinawatosha, wa A inabidi urudi kwenye kukata chungwa au karatasi. Kwa mikono ya kunyoosha usingejua, wote ungewaona "wamekosa" basi.

Hayo makosa utayatoa wapi? Kwenye madaftari yao. Ukisahihisha mazoezi kaa na kikaratasi pembeni, kila kosa linalojirudia liandike, ukimaliza una majibu ya uongo ya maswali yako ya wiki ijayo. Usiandike maswali kumi. Kipindi cha dakika 40 maswali mawili yanatosha, matatu ukijitahidi, maana swali moja likifanyiwa kazi vizuri linakula dakika nane mpaka kumi.

Jinsi ya kuliendesha darasani, hapa naazima utaratibu wa Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard kule Marekani, aliyeanza kuutumia 1991 baada ya kuona wanafunzi wake wanapiga hesabu ngumu vizuri ila maswali mepesi ya kuelewa yanawashinda. Unauliza swali. Kila mtu anafikiri kimya, hakuna kuongea, dakika moja hivi. Wanainua kadi (kama ni kadi ya dawati, wanakubaliana herufi kwanza), unaskani. Unaangalia kwenye simu yako asilimia waliopata, ila HUWAAMBII jibu wala huwaoneshi grafu. Wakiwa wamepata zaidi ya 70%, eleza kwa kifupi kwa ajili ya waliobaki, songa mbele. Wakiwa chini ya 30%, usiwaache wajadiliane maana watajadili giza kwa giza, rudia kufundisha kwa njia nyingine. Ila wakiwa katikati, kati ya 30 na 70, hapo ndo penyewe. Waambie: "mtafute jirani yako mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi." Dakika mbili tatu za kelele. Afu wanainua kadi tena, unaskani mara ya pili.

Kelele zisikutishe. Mwalimu wa taaluma akipita dirishani akadhani darasa limekushinda, mkaribishe ndani asikilize wanachoongea. Na waache wajadili kwa Kiswahili hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza, hili nalisema kwa nguvu zote kwa walimu wa sekondari. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi ukimlazimisha abishane kuhusu mkondo wa umeme kwa Kiingereza hatabisha, atanyamaza, na utadhani hajui. Swali liandike Kiingereza chepesi kama mtihani unavyotaka, ubishi uwe kwa lugha anayowazia, mwisho mnarudi pamoja kwenye maneno ya kitaalamu.

Kitu kingine kuhusu kuonesha matokeo. Ukiwa na projekta unafungua Plickers kwenye laptopu, skrini inafuata unachofanya kwenye simu, inaonesha nani kadi yake imeshasomwa. Hiyo ioneshe, wanafunzi wanapenda kuona namba zao zinatokea, na aliyekaa na kadi chini anajulikana. Lakini nani amekosa na nani amepata ibaki kwenye simu yako. Ubaoni weka grafu tu, wangapi A, wangapi B. Kadi zilivyotengenezwa jirani asione jibu kuna sababu, yule binti ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari kwa kuogopa kuchekwa anainua kadi kwa sababu anajua hakuna atakayemcheka. Siku ukionesha majina na rangi nyekundu mbele ya wote, umemrudisha kulekule.

Sasa tunakuja kwenye PhET, na hii inaungana na Plickers vizuri mno. PhET ni maabara za kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman mwaka mmoja baada ya kupata tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni bure, zipo za fizikia, kemia, hisabati, baiolojia, na baadhi zimetafsiriwa Kiswahili. Kizuri zaidi kwetu ni kwamba hizi mpya unadaunlodi kila moja kama faili moja, unaweka kwenye flashi, inafunguka kwenye brauza bila intaneti. Nenda sehemu yenye mtandao mzuri siku moja, shusha unazohitaji za muhula mzima, maliza.

Mfano wa kuziunganisha Plickers na PhET ni huu. Mada ya umeme, kidato cha pili. Unachora ubaoni sakiti: betri moja, balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfululizo. Swali la Plickers: balbu ipi itawaka zaidi? A ile ya kwanza karibu na chanya ya betri, B ile ya pili, C zitalingana, D hakuna itakayowaka. Jibu ni C. Ila wanafunzi wengi duniani, sio kwetu tu, wanaamini mkondo "unaliwa" na balbu ya kwanza na ya pili inapata masalia, na hilo wanaliamini hata wakiwa wameshakariri kwamba mkondo kwenye mfululizo ni sawa kila mahali. Waskani. Waache wabishane. Waskani tena.

Ndo sasa fungua PhET ya kuunga sakiti, ile ya umeme wa mkondo mnyoofu (DC). Usiunge we, mwite mwanafunzi aliyejibu A aje aunge mwenyewe, mwenzake aliyejibu C amsaidie. Betri, nyaya, balbu mbili, swichi. Kabla hawajafunga swichi darasa zima liseme linategemea nini. Funga. Balbu zote mbili zinawaka sawa, na elektroni unaziona zinatembea mwendo mmoja sakiti nzima. Weka ameta kabla ya balbu ya kwanza, weka katikati, weka baada ya ya pili. Betri ikiwa volti 9 na kila balbu omu 10, ameta inasoma 0.45 A kote. Hapo mwanafunzi hashindani na mwalimu tena, anashindana na kitu alichokiunga kwa mkono wake. Afu uliza swali la pili la kadi papo hapo: nikitoa balbu moja sakiti ikabaki wazi, nyingine itafanyaje? Na la tatu kama muda upo, nikiziunga sambamba je? Jibu linatoka kwenye skrini, sio kinywani mwako.

Ila jamani, kama shule ina betri, nyaya na balbu za tochi, fanya na za kweli pia. PhET inaonesha elektroni ambazo jicho halioni, vifaa halisi vinamfundisha kwamba waya ukilegea balbu haiwaki. Kila moja ina kazi yake.

Kahoot wengi mnaifahamu, ya Norway, ilitoka 2013, ina muziki na mashindano na watoto wanaipenda sana. Inataka vifaa kwahiyo kwetu inafaa chumba cha kompyuta, kompyuta moja watu wanne watano, cheza kwa timu. Tahadhari yangu moja: inatoa pointi nyingi kwa anayewahi, na anayewahi sio lazima awe anayeelewa. Ongeza muda wa swali, unaweza kufika mpaka dakika 4, na maswali ya kufikiri yaweke bila pointi. Mi naitumia kwa marudio kabla ya mtihani, kwa mada mpya hapana.

Na kama shule ina kompyuta ila haina intaneti kabisa, tafuta programu inaitwa Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unashusha video na mazoezi mara moja ukiwa na mtandao, zikiwemo za Khan Academy za Kiswahili, halafu kompyuta nyingine zinaunganishwa na hiyo kwa ruta ya kawaida isiyo na bando na wanafunzi wanasoma kila mtu kwa kasi yake. Menyu zake zenyewe zina Kiswahili. Inahitaji mtu wa kuiseti vizuri siku ya kwanza, mwalimu wa TEHAMA anaiweza.

Majina ya wanafunzi, tafadhali. Hizi akaunti zinahifadhi taarifa nje ya nchi na wenye taarifa ni watoto. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na hata pasingekuwa na sheria ni heshima tu. Sio lazima uandike majina matatu, weka jina la kwanza na herufi, au namba ya daftari la mahudhurio, orodha kamili kaa nayo kwenye karatasi yako. Mkuu wa shule ajue unachotumia.

Umeme ukikatika, Plickers haifi. Andika swali ubaoni kwa chaki, simu yako ina chaji na data, skani kama kawaida, grafu ichore kwa mkono. Data inayotumika ni kidogo maana hutumi video. Na bando likiisha au simu ikizima, kadi zilezile ni ngumu kuzisoma kwa macho tu, kwahiyo kaa na akiba ya vikaratasi vya rangi nne, nyekundu A, njano B, kijani C, bluu D, utaona darasa linaelemea upande gani kwa jicho moja. Hutapata rekodi ila ubishi wa jirani kwa jirani unaendelea.

Mwisho wa wiki fungua ripoti. Wengi wanaiacha kabisa na mi naona ndo nusu ya faida. Inaonesha kila mwanafunzi, au kila dawati kama uligawa kadi kwa dawati, kajibu nini kwenye kila swali. Usiangalie nani wa kwanza nani wa mwisho, angalia swali lililoangusha wengi na herufi gani iliwavuta. Waliochagua herufi moja ya uongo waweke kundi moja kwenye remedio (kipindi cha ziada cha kuwasaidia walioachwa), wana shida moja, dakika 15 zinatosha kuliko kurudia mada nzima kwa watu 80. Na lile swali lililoangusha wengi kuliko yote liulize tena Jumatatu kabla hujagusa mada mpya, ubadilishe namba tu, uone wangapi wamehama.